Wadogo zangu wote wanajitegemea, sasa sijui naishi kwa ajili ya nini

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, sijaolewa na sina mtoto niliyemzaa. Ni karani wa masijala katika hospitali. Kazi yangu ni mafaili: kuyafungua, kuyapanga, kuyasaka yakipotea. Nimeifanya tangu nina miaka 21, sijawahi kuipenda wala kuichukia. Ndiyo iliyopatikana wakati ule.

Wakati ule baba alikuwa ameshatangulia, na mama akafariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nasomea ualimu. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne, wa mwisho ana miaka miwili. Ndugu wa baba walikaa kikao wakataka kuwagawana, huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Nikasema hawa hawatenganishwi. Nikaacha chuo, nikatafuta kazi, nikajifunga kibwebwe.

Nilikuwa na daftari la jalada gumu. Kila mtoto alikuwa na kurasa zake: ada, sare, viatu, nauli, pesa ya mtihani. Nikilipa kitu napiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kuna mwanamume alinichumbia nikiwa na miaka 29, mtu mzuri tu, akaona foleni ni ndefu, akaoa kwingine. Sikumlaumu.

Mwaka jana yule wa mwisho alihitimu uuguzi. Siku ya mahafali watu walinishika mikono wakaniambia, "Dada, umeshinda." Niliporudi nyumbani nikafungua daftari, nikapiga mstari wa mwisho. Nilidhani nitalia kwa furaha. Badala yake nikajikuta narudisha kurasa nyuma, natafuta kama kuna mtu bado anadaiwa kitu. Hakuna.

Tangu hapo sijielewi. Mshahara ukiingia unabaki, nami sijui niufanyie nini. Jumamosi nasafisha nyumba iliyo safi. Wadogo zangu wananipigia: "Dada pumzika, sasa ni zamu yetu." Wananitumia na pesa. Najua wana nia njema, lakini mimi naona kama nimestaafishwa. Yule wa pili amenunua kiwanja, nikazisikia habari hizo kwa jirani.

Nilihudhuria semina moja. Mwezeshaji akasema kila binadamu ameletwa duniani kwa kusudi moja, na asiyeweza kuliandika kwa sentensi moja anaishi maisha ya mtu mwingine. Akasema pia kwamba kazi usiyoipenda ni gereza, uwe na ujasiri uondoke. Akatugawia karatasi. Wenzangu wote waliandika, mimi nikakaa na karatasi nyeupe mpaka muda ukaisha.

Sasa nawaza mambo mawili. La kwanza ni kuacha kazi, nichukue mafao yangu, nianzishe nyumba ya kulea yatima, kwa sababu kulea ndicho kitu pekee ninachokijua. La pili ni kuasili mtoto mmoja mdogo. Nimeshachukua fomu ofisi ya ustawi wa jamii, iko kwenye droo. Nimejaza kila mahali isipokuwa swali moja: "Kwa nini unataka kulea mtoto?"

Mdogo wangu wa kike anasema nimechanganyikiwa. Rafiki yangu kazini anasema ni umri. Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Sisemi nataka kufa, Shangazi, ila nikilala sijali kama kutakucha.

Niambie, niliumbwa kwa ajili ya nini? Au kazi yangu duniani imekwisha?

Dada Mkubwa

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile uliloliweka karibu na mwisho ukalipita upesi. Unasema ukilala hujali kama kutakucha, na usingizi unakatika saa tisa. Hilo sitaki tulichanganye na swali la maana ya maisha, ingawa mara nyingi huja pamoja. Kukosa usingizi, kutopata raha kwenye mambo yaliyokuwa yakikufurahisha, na uchovu usioisha hata ukipumzika, vikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, madaktari huanza kufikiria sonona. Sonona ni ugonjwa na ina tiba. Ina hila pia: humnong'oneza mtu kwamba maisha hayana maana, naye akadhani amefikia uamuzi huo kwa akili zake timamu. Barua haiwezi kupima jambo hilo, daktari anaweza. Najua unafanya kazi hospitalini, na huenda hutaki faili lako lipite mikononi mwa wenzako. Basi nenda hospitali nyingine, lakini nenda. Na ukija usiku ambao kutojali kunageuka kuwa kutaka kufa, usingoje asubuhi. Mpigie mmoja wa wale wanne umwambie kwa maneno hayo hayo bila kuyapunguza makali, au nenda moja kwa moja sehemu ya dharura.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe. Kwa miaka 23 uliishi na jukumu moja lililojaza kila pembe. Ndilo lililokuamsha, likakuelekeza mshahara uende wapi, likakupa jina katika ukoo, na hata likakuamulia nani wa kuoana naye na nani wa kumwacha aende. Jukumu hilo limekwisha, na limekwisha vizuri. Sasa unataka kujua uweke nini mahali pake, na naona unataka kuweka haraka, kabla hujalizoea pengo.

Kuna kisa nataka ukisikie. Mwaka 1826 kijana wa Kiingereza wa miaka 20, John Stuart Mill, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, alijiuliza: kama mabadiliko yote ninayoyapigania yangetimia saa hii, ningekuwa na furaha? Moyo wake ukajibu hapana. Akazama katika huzuni ya miezi mingi. Yeye alikuwa anawaza tu, hakuna kilichokuwa kimetimia. Wewe limekukuta kweli kweli, mistari yote imepigwa. Hauko peke yako hapo. Buzz Aldrin, aliyetembea juu ya mwezi Julai 1969, ameeleza hadharani jinsi alivyorudi duniani akapambana na sonona na ulevi. Kufika kunaweza kumwangusha mtu ambaye safari haikumwangusha, na haina maana kwamba safari ilikuwa ya bure au kwamba yeye ni mkosefu wa shukrani.

Mill alianza kupata nafuu siku aliyokuwa akisoma kumbukumbu za maisha za Mfaransa aitwaye Marmontel. Alifika mahali ambapo mwandishi, akiwa bado kijana mdogo, anafiwa na baba, familia inabaki katika dhiki, naye anaamua papo hapo kwamba atakuwa kila kitu kwao. Mill akatokwa na machozi, na tangu siku hiyo mzigo ukaanza kuwa mwepesi. Msomi mzima, aliyesomeshwa tangu utotoni kufikiri bila kuyumbishwa na hisia, alirudishiwa uhai na habari ya mtu aliyefanya kile ulichokifanya wewe katika kile kikao cha ukoo. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu barua yako inasimulia jambo hilo kana kwamba ni taarifa ya masijala.

Ndipo nauliza kuhusu ile semina. Nani alisema kusudi la mtu lazima liwe moja, na litoshe kwenye sentensi? Wewe ulikuwa na sentensi hiyo tangu una miaka 21: hawa hawatenganishwi. Uliiishi mpaka ikaisha. Ulipokaa na karatasi nyeupe, huenda wewe ndiye uliyekuwa mkweli kuliko wote mle ukumbini, maana wengine waliandika wanachotamani, wewe ulikuwa umetoka kukimaliza. Simdharau mwezeshaji, hata imani nyingi zinafundisha kwamba mtu ameumbwa kwa sababu. Lakini ni jambo moja kusema maisha yako yana sababu, na jingine kabisa kusema sababu hiyo imefichwa mahali na usipoigundua kabla ya saa kumi jioni umepotea.

Wataalamu wa saikolojia wanaochunguza maana ya maisha huitenga katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuyaelewa maisha yako, kwamba mambo yaliyokupata yanaunganika na yanaleta habari inayoeleweka. Ya pili ni kuwa na unakoelekea. Ya tatu ni kuhisi kwamba kuwepo kwako kuna uzito. Nikiisoma barua yako, iliyoondoka waziwazi ni hiyo ya pili. Ya kwanza unayo, ingawa kuna kurasa umezibandika. Ya tatu ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu naona umeifunga pamoja na kuhitajiwa. Mtu akikuhitaji una uzito, asipokuhitaji huna. Je, ndivyo unavyowapima watu wengine? Yule wa mwisho alipokuwa na miaka miwili, hakuwa na faida hata moja kwako, alikuwa hasara tupu kwenye daftari. Ulimwona hana thamani?

Nimesema kuna kurasa zilizobandikwa. Mama yako amepata sentensi moja tu katika barua nzima, na sentensi yenyewe amegawana na baba na chuo. Ulizika, ukaingia kikaoni, ukaanza kutafuta ada. Ulilia lini, mwanangu? Msiba usioliliwa haufi, unasubiri mtu apate nafasi. Nawe ndiyo kwanza umepata nafasi. Sehemu ya uzito unaouita kukosa kusudi inaweza kuwa ni mama, na ule ualimu ulioukatiza, na yule mwanamume mzuri tu ambaye hukumlaumu. Hayo yanataka kuombolezwa, na pengo likijazwa upesi mno huzikwa mara ya pili.

Kuhusu wadogo zako, nakuelewa ulivyoumia kusikia habari za kiwanja kwa jirani. Ila jiulize: huyo wa pili alikuficha, au aliogopa ukisikia utataka kumchangia? Watoto waliokuona ukijinyima hukua na deni ambalo hawajui walilipeje, ndiyo maana wanakutumia pesa na kukwambia pumzika. Wamekujua kama mlipaji, nawe umewajua kama kurasa. Huenda ninyi watano hamjawahi kukaa pamoja bila mmoja kudaiwa kitu. Siku moja mwambie huyo wa pili umesikia habari za kiwanja na ungependa kukiona. Usimpe ushauri wala pesa, mwache akuoneshe nyumba itasimama upande gani.

Sasa yale mawili unayoyawaza.

Kuasili mtoto ni jambo jema, na watu wengi wa umri wako wamelifanya vizuri. Sitakwambia usifanye. Una uzoefu ambao wazazi wengi hawana. Kinachonisimamisha ni lile swali uliloliacha wazi, maana uliweza kujaza yote mengine. Mtoto akija ili akupe sababu ya kuamka, atakuwa ameajiriwa kabla hajajua kutembea. Na siku akikua, akataka kuondoka, akasema mama pumzika, utakuwa na miaka sitini na kitu ukiwa pale pale ulipo leo. Jaribu kulijibu swali hilo kwenye karatasi ya pembeni, siku tofauti, ukiwa umelala vizuri na ukiwa hujalala. Tazama majibu yanamhusu nani. Ukiona anaanza kuonekana mtoto, na tabia zake na usumbufu wake, hiyo ni habari tofauti na ukiona kila jibu linahusu ukimya wa nyumba. Mwoneshe majibu hayo afisa wa ustawi, usimfiche hata lile la aibu. Kazi yake ni kuyasikia.

Nyumba ya yatima inanitia wasiwasi zaidi, nisikufiche. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo kuhusu malezi mbadala ya watoto, na msimamo wake ni kwamba mtoto kwanza alelewe katika familia, yake au nyingine, na makao ya watoto yatumike pale tu yanapomfaa mtoto huyo. Miongozo hiyo inasema pia kwamba ndugu wa tumbo moja kimsingi wasitenganishwe. Wewe ulilisema hilo mbele ya wakubwa wa ukoo, miaka kadhaa kabla miongozo hiyo haijapitishwa. Kwa hiyo ujuzi wako ni wa kuiweka familia pamoja, na makao ya watoto ni kazi nyingine: vibali, wafanyakazi, wafadhili, hesabu, na watoto wanaokuja na majeraha makubwa. Mafao ya karani mmoja yanaweza kumezwa huko kabla hujajua kama unaiweza. Lakini je, ni lazima uanzishe? Zipo familia zinazolea yatima zikiwa zimeelemewa, zipo na dada wakubwa wengine wa miaka 21 wanaokaa kwenye vikao kama kile chako, na hakuna mtu wa kuketi upande wao.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna, ambaye baadaye alinusurika kambi za mateso za Wanazi, katika miaka ya 1930 aliwahudumia vijana waliokosa ajira. Aliona wanaunganisha mambo matatu: sina kazi, kwa hiyo sina faida, kwa hiyo maisha hayana maana. Alipowashawishi wajitolee kwenye maktaba, vyama vya vijana na elimu ya watu wazima, mifuko yao ilibaki mitupu na njaa ilibaki vile vile, ila huzuni ile iliondoka. Nakuachia ulitafakari hilo, kwa sababu kujitolea Jumamosi mbili za mwezi kunaweza kukuonesha mengi ambayo barua ya kuacha kazi haitakuonesha, na ukichoka unarudi nyumbani bila kuvunja kitu. Hatari yake unaijua: mtu wa aina yako akipewa Jumamosi mbili atachukua zote nne, na daftari jipya litafunguliwa. Weka mpaka mapema.

Na hiyo kazi ya mafaili, ni gereza kweli? Watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali moja. Kazi ilikuwa ile ile, lakini wapo walioiona ni kufuta sakafu tu, na wapo waliojihesabu kuwa sehemu ya kuwauguza wagonjwa, wakizungumza nao na kuwaongoza wageni waliopotea. Wewe unashika mafaili. Faili likipotea, kuna mtu anarudia vipimo, au anapewa dawa ambayo daktari mwingine aliandika asipewe. Unaweza kuitazama kazi yako hivyo. Unaweza pia ukaitazama hivyo na bado ikakuchosha, ni haki yako. (Utafiti wa namna hii mabosi wanaupenda kupita kiasi, wanadhani unaweza kusimama mahali pa nyongeza ya mshahara.) Kuichukulia kazi kama kazi tu, ikulishe ili moyo wako uwe kwingine, ndivyo ulivyoishi kwa miaka 23, na wanne wamesoma.

Jambo ulilolitaja mara moja tu ukalipita ni ualimu. Silileti kama jibu, maana inawezekana ulisomea kwa sababu ndiko ulikochaguliwa. Ila kama bado kuna kitu kinashtuka ndani yako ukipita karibu na darasa, ulizia masomo ya jioni yanavyoendeshwa na yanataka nini kwa mtu aliyekatiza mwaka wa kwanza. Kuulizia hakukufungi. Na ipo njia ambayo watu hawaipi heshima yake, ya kutofanya lolote kubwa kwa muda. Mshahara ukibaki, ubaki. Jumamosi ikiwa tupu, iache tupu ujue ina nini ndani. Itakutisha mwanzoni, na kama daktari akikuta sonona, utulivu wa namna hiyo usiutumie bila yeye kujua, kwa sababu kujifungia ndani kunaweza kuulisha ugonjwa.

Umeniuliza kama kazi yako duniani imekwisha. Iliyokwisha ni ile uliyopewa na kifo cha mama yako. Hukuichagua, ingawa uliibeba kama uliyoichagua. Ijayo, kama ipo, itakuwa ya kwanza kuichagua mwenyewe, na mtu ambaye hajawahi kuchagua tangu ana miaka 21 si ajabu akikaa mbele ya karatasi nyeupe.

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda kwa ofisa utumishi umuulize mambo mawili: mafao yako yanakuwaje ukiondoka sasa ikilinganishwa na ukingoja kustaafu, na kama unaweza kupata likizo bila malipo kwa miezi michache. Majibu yake usiyafanyie kazi mwezi huo huo. Anza na daktari, kisha niandikie, hata mistari miwili inatosha. Nitapenda kujua pia mdogo wako alisema nini ulipomuuliza kuhusu kiwanja.

Shangazi